Mapumziko Yana Haki Zake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Allah, aliyetupa usiku wa kutulia na mchana wa kuhangaika. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, masahaba zake, na kila anayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Mwisho.

Ama baada ya hayo. 

Ijumaa tumeizungumza sana katika kurasa hizi. Leo nataka tuzungumze Jumamosi na Jumapili, siku mbili ambazo khatibu hazitaji na mhadhiri hazidai. Wengi wetu tunaziingia tukiwa hoi kwa kazi za kozi, na tunatoka ndani yake tukiwa hoi zaidi: usiku wa mechi, asubuhi ya kulala hadi jua la utosi, mchana wa simu, jioni ya kujiuliza siku imekwenda wapi. Mtume (S.A.W.) alituonya, katika hadithi aliyoipokea Ibn Abbas na kuthibitishwa na Bukhari, kwamba kuna neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake: afya na wasaa. Mwanachuo wa miaka ishirini na kitu anazo zote mbili kwa pamoja kila wikendi. Basi tuulizane: mapumziko ni ya nani, na yana haki gani?

Mola hachoki, sisi tunachoka

Katika Surat Qaf, aya ya 38, Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba aliziumba mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake kwa siku sita, na uchovu haukumgusa. Wafasiri wametaja kwamba aya hii inajibu madai ya waliosema kuwa Mungu alipumzika siku ya saba. Kwa hiyo Muislamu hana Sabato. Jumamosi yetu haina utakatifu wake peke yake. Tunapumzika kwa sababu tu viumbe dhaifu, na kujua udhaifu wako ni sehemu ya tauhidi.

Lakini tazameni aya inayofuata, ya 39. Baada tu ya kusema kwamba Yeye hachoki, anamwamrisha Mtume wake asubiri na amtakase Mola wake kabla ya jua kuchomoza na kabla ya kuchwa. Sisi wa Kampala tunakaa karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mwaka mzima jua letu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi. Ukitoka nje baada ya sala ya Alfajiri, utagundua kuwa saa hiyo uliyoamrishwa tasbihi ndiyo saa ambayo kila ndege wa Ntinda anapaza sauti. Na jioni, kabla ya Magharibi, wanarudia. Surat an-Nur, aya ya 41, inatuambia kwamba ndege walioyakunjua mabawa yao humtakasa Allah, na kila mmoja ameijua sala yake na tasbihi yake. Ndege amehudhuria. Aliyekosekana ni mwenye nyumba, amejifunika blanketi.

Neno la Salman

Masahaba nao walilijadili suala la mapumziko. Salman al-Farisi (R.A.) alimtembelea ndugu yake Abu Dardaa (R.A.), akamkuta mkewe amevaa hovyo, hana hamu ya kujipamba. Alipouliza, akaambiwa kwamba Abu Dardaa hana haja na dunia: mchana anafunga, usiku anasimama. Salman akalala kwake siku ile. Akamfanya afungue saumu yake ya sunna na ale pamoja naye. Usiku, kila Abu Dardaa alipotaka kuinuka kusali, Salman alimwambia alale, mpaka ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku ndipo wakainuka wote wawili. Kisha akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa, alisema Salman amesema kweli. Hadithi hii imo katika Bukhari.

Ndugu yangu, Abu Dardaa alizidisha ibada, akaambiwa apunguze ili mkewe apate haki yake. Je, sisi tunaowanyima ahali zetu haki yao kwa ajili ya simu, Salman angetuambia nini? Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Akajibu kwamba alikuwa katika kazi za ahali zake, na ilipofika sala alitoka kwenda kusali. Hapo ndipo ilipo ratiba ya wikendi ya Muislamu: kazi za nyumbani, na sala kwa wakati wake.

Kwa bahati njema, kuna kazi moja ya nyumbani ambayo inazikusanya haki nyingi mahali pamoja: haki ya mwili unaotaka kutoka kwenye kiti, haki ya mama anayetaka mtu wa kuzungumza naye, haki ya ardhi, na haki ya viumbe wengine. Nayo ni bustani ya uani. Ninataka tuzipitie bustani tatu tulizoachiwa katika mafundisho yetu, kwa sababu kila moja ina somo lake.

Bustani ya kwanza: mashimo ya Salman

Huyu huyu Salman alikuwa mtumwa Madina, na utumwa ulimzuia kuhudhuria Badr na Uhud. Mtume (S.A.W.) akamshauri aandikiane na bwana wake mkataba wa kujikomboa. Katika mapokezi ya Imam Ahmad, bei ilikuwa kupanda mitende 300 pamoja na wakia 40 za dhahabu. Mtume akawaambia masahaba wamsaidie ndugu yao. Mmoja akaleta miche 30, mwingine 20, mwingine 15, mwingine 10, kila mtu kwa uwezo wake. Kisha akamwambia Salman akachimbe mashimo, na akimaliza amwite, kwani yeye mwenyewe ndiye atakayeiweka miche kwa mkono wake. Wakachimba, akaja, wakawa wanamsogezea mche mmoja mmoja naye anaupanda. Salman anasema haukufa hata mmoja.

Tafakarini picha hii. Kiongozi wa umma, mwenye wahyi unaomshukia, ameinama mbele ya shimo akipanda mche wa mtumwa. Nani kati yetu basi anaona haya kushika jembe kwa sababu anasoma shahada? Na tena Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyothibitishwa na Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mti au akiotesha mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, basi hiyo ni sadaka yake. Hapa ndege ametajwa kwa jina lake. Anayedonoa papai lako anakuandikia thawabu, hata kama wewe umekasirika.

Nyumbani kwetu Ntinda uwanja si mkubwa. Kuna mparachichi mmoja, mpapai mmoja, migomba minne, na magunia sita ya mboga aliyoyapanga mama ukutani. Gunia ni shamba la mtu asiye na shamba. Unasimamisha mawe katikati kutoka chini hadi juu ili maji yapenye, unajaza udongo uliochanganywa na samadi, unatoboa matundu ubavuni na kupanda sukuma wiki, nakati na dodo. Sukuma unaichuma majani ya chini kwanza, nayo inaendelea kukupa kwa miezi. Anayetaka kujifunza zaidi, KCCA wana kituo cha kilimo pale Kyanja, mwendo mfupi wa boda kutoka Ntinda, ambako watu wa mjini hufundishwa kilimo cha uani.

Kazi yangu ya Jumamosi ni mbolea. Kampala inakula matoke kila siku, na maganda yake ni mengi kuliko tunavyodhani. Tunayaweka tabaka juu ya tabaka: maganda mabichi, majani makavu, udongo kidogo, kila wiki nayageuza kwa uma. Nyama na mafuta hatutii, yasije yakaleta panya na kaloli. Baada ya miezi michache unashika udongo mweusi ambao huwezi kuamini ulikuwa taka.

Na hili si jambo dogo, ndugu zangu. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024, mlima wa taka wa Kiteezi, ambako taka za Kampala zilikuwa zikitupwa tangu mwaka 1996, uliporomoka juu ya nyumba za watu. Zaidi ya watu 30 walikufa, wakiwamo watoto. Ilikuwa wikendi, na watu walikuwa majumbani mwao wakipumzika kama sisi. Mlima ule haukujengwa na mtu mmoja. Ulijengwa na mifuko ya jikoni ya mji mzima, na sehemu kubwa ya taka za majumbani mwetu ni maganda na mabaki ya chakula, vitu ambavyo ardhi inavitaka tukiirudishia. Sisemi kwamba ndoo yangu ya maganda ingewaokoa. Nasema kwamba Mtume (S.A.W.) alihesabu kuondoa kitu chenye kudhuru njiani kuwa tawi la imani, na uchafu wako ukiingia njia ya mtu mwingine mbali na macho yako, bado ni wako.

Ndege nao ni umma

Ukiwa umeinama na jembe kwa nusu saa, ndege husahau kwamba wewe ni mtu, wakashuka. Uganda ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na huna haja ya kwenda mbugani kuanza kuwajua. Kwarara huja wawili wawili wakichokoa minyoo kwenye nyasi kwa midomo yao mirefu, na makelele yao ya alfajiri yanashinda kengele ya simu yoyote. Chozi, ndege mdogo sana, hunyonya asali ya maua ya mgomba. Shore anakula papai. Kwera wa manjano anachana majani ya mgomba nyuzi nyuzi na kufuma kiota. Dume hufuma, jike huja kukagua, na asiporidhika dume huanza upya. Juu angani anazunguka mwewe, ambaye kwa Kiganda ni kamunye, jina ambalo watu wa Kampala wameipa hata teksi kwa jinsi inavyonyakua abiria.

Qur'ani, katika Surat al-An'am, aya ya 38, inatufundisha kwamba wanyama wote na ndege wote ni umma mfano wetu. Hili neno umma tunalipenda sana kwenye mabango yetu ya chama. Basi tujue kwamba tumepewa majirani wengine wenye neno hilo hilo. Na kumbukeni ndege walivyotumika katika kitabu cha Allah. Kunguru ndiye aliyemfundisha mwana wa Adam jinsi ya kumsitiri ndugu yake aliyemuua. Hudihudi ndiye aliyemletea Nabii Sulaiman (A.S.) habari ya Sabaa, habari ambayo Nabii mwenye ufalme hakuwa nayo. Msomi wa chuo akifundishwa na ndege hajashuka daraja.

Haki zao zinajulikana. Ibn Mas'ud (R.A.) anasimulia kwamba safarini masahaba walichukua makinda mawili ya ndege, na mama yao akaja akipigapiga mabawa. Mtume (S.A.W.) aliporudi akauliza nani aliyemtia simanzi kwa ajili ya watoto wake, akaamrisha arudishiwe. Hadithi hii imo katika Abu Dawud. Ibn Umar (R.A.) aliwapita vijana waliomfunga ndege wakimlenga kwa mishale, akawaambia Mtume amemlaani mwenye kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Watoto wa mtaani kwetu wenye manati hawajasikia hadithi hii. Nani atawasomea kama si sisi? Wasomewe kwa upole, kama Mtume (S.A.W.) alivyokaa na mtoto Abu Umayr, akamuuliza habari za kindege chake alichokuwa akikichezea, kilipokufa naye akawa na huzuni. Mjumbe wa Mola wa walimwengu alipata muda wa msiba wa mtoto na kindege chake.

Bustani ya pili: ndege wa Abu Talha

Hapa sasa tuangalie upande wa pili, kwa sababu kila neema ina mtihani wake. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Abu Talha al-Ansari (R.A.) alikuwa akisali ndani ya bustani yake. Akaruka ndege, akawa anakwenda huku na huku akitafuta pa kutokea. Miti ilikuwa imesongamana. Abu Talha akapendezwa, akamfuatisha kwa macho kidogo. Aliporudi kwenye sala yake, hakujua amesali rakaa ngapi. Akaenda kwa Mtume (S.A.W.), akamweleza fitina iliyompata katika bustani ile, akasema kuanzia sasa ni sadaka kwa ajili ya Allah, aiweke anapotaka.

Sisi tungemlaumu ndege. Abu Talha hakumfukuza ndege wala hakukata mti. Aliiangalia nafsi yake. Na sikilizeni, alichopoteza ni hesabu ya rakaa tu. Sisi tunapoteza hesabu ya rakaa kwa ajili ya meseji na matokeo ya mechi tuliyoitilia kamari, na hatujatoa sadaka hata simu mbovu. Kwa hiyo mizani ya mapumziko ni hii: kitu kinachokupumzisha kikirudishe kwenye sala ukiwa mwepesi. Kikikurudisha mzito, au kisipokurudisha kabisa, hicho kimekuwa bwana wako, hata kama ni halali, hata kama ni kizuri kama ndege katikati ya mitende.

Bustani ya tatu: mtu wa al-Kahf

Kila Ijumaa tunasoma Surat al-Kahf, na kila Ijumaa tunapita kwa mtu mwenye bustani mbili za mizabibu zilizozungushiwa mitende, na mto ukipita kati yake. Aliingia bustanini kwake hali amejidhulumu, akadai kwamba haitaangamia kamwe. Mwenziwe akamkumbusha kwamba ilimpasa, alipoingia, aseme ni kwa mapenzi ya Allah, na kwamba hakuna nguvu ila kwa Allah. Kulipokucha matunda yote yalikuwa yameangamia, na mwenyewe anapindua viganja vyake kwa majuto.

Kosa lake halikuwa kilimo. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kitu kitabaki.

Somo hili limetuingilia nyumbani. Nyua nyingi za Ntinda zimeshawekwa sakafu ya saruji, na nyingine zimejaa mizigo, yaani vyumba vya kupangisha. Kaka yangu mkubwa anataka nasi tujenge viwili pale penye mparachichi. Hesabu yake si mbaya. Baba ametangulia mbele ya haki, na karo yangu ya mwaka huu imelipwa kwa taabu. Mama anasema ule mti aliupanda marehemu, na kwamba thawabu ya kila anayekula chini yake inamfikia kaburini. Ninapowasikiliza wote wawili, sioni mmoja wao aliyekosea dini. Kaka anatetea haki ya ahali walio hai. Mama anatetea sadaka inayoendelea ya aliyekufa. Bado hatujaafikiana. Lakini nimeona faida ya kusoma al-Kahf na jembe mkononi: siwezi kuupenda mti ule kama kwamba utabaki milele, na siwezi kuikubali saruji kama kwamba ndiyo itakayotubakisha sisi. Mti ukikatwa, ni juu yetu kupanda mwingine mahali pengine, kwa nia ya baba. Na vyumba visipojengwa, ni juu yetu kufanya kazi zaidi, tusimwachie kaka mzigo peke yake huku sisi tukisifu sauti za ndege. Atakayechagua lolote kati ya haya mawili aseme kwanza: hakuna nguvu ila kwa Allah.

Tufanye nini wikendi hii?

Kwanza, nenda nyumbani, au piga simu nyumbani kama ni mbali. Usiulize pesa katika simu hiyo.

Pili, usirudi kitandani baada ya Alfajiri ya Jumamosi. Kaa nje na adhkari zako mpaka jua litoke. Kama mwili unadai usingizi, qailula ya adhuhuri ni sunna. Ulipe mwili deni lake wakati huo.

Tatu, panda kitu. Anayekaa hosteli na asiye na uwanja ana debe, ana gunia, ana chupa iliyokatwa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hata Kiama kikisimama na mkononi mwa mtu mna mche, akiweza kuupanda basi na aupande. Mwenye mtihani wa Jumatatu hana udhuru mkubwa kuliko Kiama.

Nne, weka sahani ya maji kivulini kwa ajili ya ndege, hasa miezi ya ukame, na uibadilishe kila siku. Maji uliyooshea mboga yapeleke kwenye mmea.

Tano, simu ibaki ndani mikono ikiwa kwenye udongo. Ukitaka kumpiga picha ndege, mtazame kwanza.

Sita, chama chetu kiteue Jumamosi moja kila mhula, twende tukachimbe mashimo kwa wajane na wazee wa mitaa inayozunguka chuo, kama masahaba walivyomchimbia Salman. Mwenye miche 30 alete 30, mwenye mmoja alete mmoja.

Na tusihofu kwamba muda huu utatupunguzia riziki au alama. Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano wa ndege: lau tungemtegemea Allah ukweli wa kumtegemea, angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege, wanaotoka asubuhi na matumbo matupu na kurudi jioni wameshiba. Wanazuoni wametuzindua kwamba ndege hakubaki kiotani akingoja. Alitoka. Lakini pia jioni alirudi.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika wasaa wetu kabla ya shughuli zetu. Warehemu waliofariki Kiteezi na uwape subira waliobaki. Wahurumie wazazi wetu walio hai na waliotangulia, na uifanye miti yao kuwa sadaka isiyokatika. Zifanye nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu, na utujaalie bustani ambayo haitaangamia. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.